Daktari Bernardino Ramazzini

Katika mikoa ya Dodoma na Singida wako watu wapatao riziki zao kwa kuponda mawe kuwa kokoto. Labda umepata kuwaona. Mmoja wao akienda hospitali kwa sababu ya kikohozi, daktari hana budi kumwuliza anafanya kazi gani. Aliyewafundisha madaktari kuuliza hivyo ni Bernardino Ramazzini.

Ramazzini alizaliwa Carpi, nchini Italia, mwaka 1633. Alisomea udaktari, akatibu wagonjwa miaka mingi, kisha akafundisha katika mji wa Modena. Siku moja nyumbani kwake alimwona mtu akichota uchafu katika shimo la choo kwa haraka sana. Alimhurumia, akamwuliza sababu. Mtu yule alimweleza kuwa kadiri akaavyo shimoni ndivyo macho yake yaumiavyo. Akimaliza, hulazimika kukaa gizani siku moja akiyaosha kwa maji ya uvuguvugu. Ramazzini hakuishia hapo. Alimchunguza mtu yule, akaona macho yake ni mekundu. Miongoni mwa ombaomba vipofu wa mji, wengine walikuwa wamefanya kazi hiyohiyo. Hata sarafu mifukoni mwa wafanyakazi hao ziligeuka nyeusi! Leo tunajua kuwa shimo la namna hiyo hutoa gesi yenye salfa, nayo huwasha macho na kutia fedha weusi.

Tangu hapo aliingia katika karakana za mafundi wa kila namna. Wafinyanzi waliotumia madini ya risasi kung'arisha vyombo walitetemeka mikono. Wachonga mawe walivuta vumbi, wakashindwa kupumua vizuri. Tusimame hapa kidogo, maana mawe ya kwetu mengi ni matale. Punje ndogo mno za vumbi lake hufika ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu yasiyopona. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Dalili zake hufanana na za kifua kikuu. Daktari asiyeuliza juu ya kazi aweza kumpa mponda mawe dawa ya ugonjwa asio nao. Mawe yakimwagiwa maji kabla ya kupondwa, vumbi hupungua.

Mwaka 1700 Ramazzini alitoa kitabu juu ya magonjwa ya kazi zaidi ya 40. Humo aliwaagiza madaktari waingiapo nyumbani kwa maskini wakubali kuketi hata juu ya kigoda, wamsikilize mgonjwa, wasiondoke mbio. Mwaka huohuo alihamia Padua kufundisha. Uzeeni macho yake mwenyewe yalififia, lakini mwaka 1713 alikitoa kitabu hicho upya, akiwa ameongeza kazi nyingine. Alifariki Padua mwaka 1714.