Sakagwa, mtabiri wa Wagusii aliyeuona mji kabla haujajengwa

Ni nadra kumpata Mgusii wa makamo, awe wa Itumbe katika vilima vya Bobasi au wa Nyamira, asiyelijua jina la Sakagwa. Mtabiri huyo hakuacha maandishi yoyote. Yote yanayojulikana juu yake yamehifadhiwa katika masimulizi ya wazee na katika majina ya mahali. Hata jina lake lilipotoshwa: majalada ya kikoloni yalimwandika Sakawa.

Inakisiwa kwamba alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1840, zama ambazo vijana wa Kigusii waliishi katika ebisarate, kambi za kulindia ng'ombe dhidi ya wavamizi. Mwaka 1892 hivi Wakipsigis walivamia mifugo yao, nao Wagusii wakawashinda kando ya mto Charachani. Masimulizi huyahusisha mashauri ya Sakagwa na ushindi huo. Wagusii huviita vita hivyo Saosao. Wakipsigis, waliopoteza vijana wengi mno, huviita Mogori. Uwanja ni mmoja, majina mawili, na kila jina lina simulizi yake.

Sifa yake kuu, hata hivyo, ilitokana na Getembe. Inasimuliwa kwamba alipita katika nyika hiyo akionyesha kwa kidole patakapokuwa na kituo cha polisi, hospitali na afisi za serikali. Alitabiri kuja kwa wageni weupe, kunyang'anywa silaha kwa mashujaa, na hatimaye kuondoka kwa wageni hao. Yamkini masimulizi haya yalinyoshwa baada ya matukio yenyewe, kama ilivyo ada ya habari za manabii. Lakini athari yake haina shaka.

Sakagwa alitoweka mnamo 1902 hivi. Jeshi la Uingereza liliwashambulia Wagusii mwaka 1905, na mwaka 1907 kituo cha serikali kikajengwa pale pale Getembe. Januari 1908 Otenyo, akichochewa na Moraa, alimchoma mkuki mtawala Northcote, naye akanusurika. Kisasi cha Waingereza kikawa nyumba kuteketezwa na ng'ombe kutwaliwa. Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipopigana Kisii na maafisa wakaihama, wengi waliamini kwamba siku iliyotabiriwa imewadia. Wakaupora mji, na baadaye wakaadhibiwa vikali. Wafuasi wa Mumbo, dini iliyozuka Alego mwaka 1913 na kuenea Gusii, walimngojea Sakagwa arejee. Mwaka 1921 baadhi ya viongozi wao walihamishiwa Lamu.

Mji ule ukabaki na majina matatu. Kisii ni la ramani na serikali. Bosongo, yaani kwa Wazungu, ni kumbukumbu ya waliokuja. Getembe ndilo la kale, lile la nyika ya Sakagwa.

Kwingineko majina hayakupata bahati hiyo. Ardhi ya Gusii ilipopimwa na kusajiliwa kuanzia miaka ya 1960, hati ziliandikwa jina la ukoo likifuatwa na nambari. Jina la ukoo likapona. La konde, la chemchemi au la jiwe walilokalia wazee wa baraza halikuwa na nafasi kwenye karatasi. Wapimaji hawana lawama kubwa, kwani kazi yao ilikuwa mipaka. Ila kwa mtu ambaye historia yake yote imo katika mahali alipopita na alipoonyesha kidole, kila jina linaloachwa ni ukurasa uliopotea.

Mwanahistoria William Ochieng' aliwahi kuwahoji wazee na kuchapisha historia ya Wagusii ya kabla ya ukoloni mwaka 1974. Wazee wale sasa hawapo. Majina ya mashamba yaliyosalia yamo vinywani mwa bibi na babu wanaolima chai na ndizi, wakati wajukuu wao wanaitambua ardhi hiyo hiyo kwa nambari ya hati. Ila wakienda mjini, wapo wanaosema bado kwamba wanakwenda Getembe.