Mary Leakey, mchoraji aliyenakili kuta za Kondoa

Wengi wanamjua Mary Leakey kwa fuvu la Olduvai la mwaka 1959 na nyayo za Laetoli. Kumbe moja ya kazi alizozipenda zaidi ilikuwa Kondoa, kaskazini mwa jiji la Dodoma.

Alizaliwa London mwaka 1913. Baba yake alikuwa mchoraji asiyetulia sehemu moja, hivyo binti alikulia safarini, na huko Ufaransa akaanza kuona sanaa ya mapangoni. Shule ilimshinda, akafukuzwa. Lakini mkono ulijua kuchora, na ndio uliomwingiza kwenye akiolojia.

Michoro ya Kondoa aliiona mara ya kwanza mwaka 1935. Mwaka 1951 akarudi na mumewe, Louis, safari hii kwa kazi hiyo tu. Walibandika karatasi angavu ukutani, wakafuatisha mistari, kisha Mary akachora upya kwa rangi. Walinakili michoro ipatayo 1,600.

Haikuwa kazi nyepesi. Kwenye ukuta mmoja unakuta mnyama juu ya mnyama, watu wembamba wekundu juu yao, halafu rangi nyeupe ya waliokuja baadaye. Kila kizazi kilipaka juu ya kazi ya wenzao, wala hakuna aliyeweka jina. Kujua nani alitangulia ndiyo ilikuwa shughuli yenyewe.

Jua na mvua navyo vilikuwa vinafuta. Kitabu chake cha michoro hiyo kilitoka 1983, miaka 32 baadaye. Mary alifariki Nairobi, Desemba 1996. UNESCO iliiingiza Kondoa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na pale Mongomi wa Kolo wenyeji bado wanapanda kufanya matambiko ya mvua.