Mwalimu Ahmad bin Majid na Anwani za Nyota

Mtu wa Mombasa akisimama kuswali huelekea kaskazini, na hakosei. Makka na Mombasa karibu zimo katika longitudo moja, mmoja kaskazini na mwingine kusini. Lakini mtu huyo akihamia Kitale au Bungoma, kama walivyohamia wengi wa ndugu zetu kwa kazi na biashara, naye akaelekea kaskazini ile ile ya nyumbani, atakuwa amekwenda upande kwa digrii 13 hivi. Miji hiyo imekaa magharibi, kwenye longitudo ya 35 au pungufu kidogo, kwa hivyo kibla yake imeinamia mashariki. Wanazuoni wana maneno yao juu ya upana wa jiha, na safu hii haiwaingilii.

Yuko mtu aliyelishughulikia jambo hili zaidi ya miaka mia tano iliyopita, akalitungia utenzi mzima juu ya kibla ya kila upande wa dunia. Mtu huyo ni Shihabuddin Ahmad bin Majid, na wasomaji wengi wa pwani wamelisikia jina lake kwa sababu isiyokuwa nzuri.

Alizaliwa Julfar, mahali ambapo leo ni Ras al-Khaimah, katika miaka ya 1430. Babu yake alikuwa mwalimu wa bahari, na baba yake pia. Cheo hicho, mwalimu, si cha chuoni tu. Katika vyombo vya zamani mwalimu ndiye aliyejua njia. Wareno walilisikia neno hilo kwetu wakaliandika malemo. Neno la pili, rubani, tumebaki nalo wenyewe, ila siku hizi limepanda hewani pamoja na ndege.

Baba yake alitunga beti zaidi ya elfu moja juu ya njia za Bahari ya Shamu. Mwana akafuata nyayo. Mwaka 866 wa Hijra, yaani 1462, alimaliza Hawiya, nao ni utenzi wa beti zaidi ya elfu unaofundisha misingi ya elimu ya bahari. Wako wanaoshangaa kuona hesabu zikitiwa katika vina. Anayejua utunzi hashangai. Karatasi hurowa, taa huzimwa na upepo, lakini ubeti uliohifadhiwa tangu utotoni huja wenyewe mdomoni hata katika giza la usiku wa manane. Kitabu chake kikubwa cha nathari, Kitab al-Fawaid, alikitoa mwaka 895 wa Hijra, yapata 1490.

Kipimo chake kilikuwa kidole. Baharia alinyoosha mkono, au kibao chenye uzi wa mafundo, akahesabu nyota imeinuka vidole vingapi juu ya upeo wa bahari. Duara zima la mbingu lilikuwa vidole 224, basi kidole kimoja ni digrii moja na dakika 36 hivi. Dira nayo iligawanywa sehemu 32, kila moja ikaitwa kwa nyota: kaskazini ni Jaa, kusini ni Kutubu, na sehemu ya pili kutoka Kutubu kila upande ziko matlai na maghibu ya Suheli, yaani mawio yake na machweo yake. Sehemu iliyo jirani na Jaa kwa upande wa mashariki ni Matlai ya Farqad. Hiyo, zaidi kidogo au pungufu kidogo, ndiyo kibla ya Kitale na Bungoma.

Ila kidole kina ila yake. Nyota ya Suheli inapofika kilele chake, mtu wa Mombasa huiona kwenye digrii 41 juu ya upeo, na mtu wa Kitale huiona kwenye 36. Nyota ni moja, usiku ni mmoja, na hesabu ni mbili. Kwa baharia hilo ndilo jambo alilolitaka, maana tofauti ile ya vidole vitatu ndiyo iliyomwambia amefika wapi. Kwa mnajimu anayetaka kuiandikia nyota anwani ya kudumu, hesabu inayobadilika na miguu ya mtazamaji haifai.

Kwa hivyo wanajimu huuchukua mstari wa ikweta, ule unaopita Maseno, kusini ya Bungoma, wakaunyoosha mpaka mbinguni. Nyota hupimwa iko digrii ngapi kaskazini au kusini ya mstari huo. Kisha hupimwa iko wapi kwa mzunguko wa mashariki, kuanzia pale jua linapouvuka mstari likienda kaskazini, yapata Machi 20. Kipimo hiki cha pili huhesabiwa kwa saa na dakika, kwani mbingu huzunguka mara moja kila siku. Anwani ya Suheli basi ni saa 6 na dakika 24, digrii 52 na dakika 42 kusini, awe mtu yuko Lamu, Kitale au London.

Wakazi wa Bungoma wana bahati ambayo wengi wao hawaijui. Kwa kuwa wako karibu mno na ikweta, nyota huchomoza kwao umbali ule ule kutoka mashariki kama anwani yake isemavyo. Upeo wao ni kama rula iliyokwisha chorwa.

Hata anwani hizo nazo hutambaa. Mhimili wa dunia huyumba kama pia, na mbingu husogea digrii moja kwa kila miaka 72 hivi. Tangu siku za Ibn Majid zimepita zaidi ya digrii saba. Ndiyo maana orodha za leo hutaja mwaka wake, aghalabu 2000, na tangu 1998 vigingi vya vipimo vimefungwa kwenye miangaza ya mbali sana iitwayo kwaza, ambayo kwa macho yetu haisogei. Katika zama za Ibn Majid Jaa ilikuwa mbali na ncha ya mbingu kwa digrii tatu na nusu hivi; leo haifiki hata moja. Yeye alijua kwamba Jaa haitulii, akafundisha kiasi cha kuongeza au kupunguza kwa kutazama manzili za mwezi. Kusini, ambako Jaa huzama, alipima kwa Farqad mbili na kwa Naashi.

Mtu makini kiasi hicho ndiye aliyezuliwa kwamba alilewa, na katika ulevi wake akamwonyesha Vasco da Gama njia ya Bara Hindi. Aliyeandika hivyo ni Qutbuddin al-Nahrawali wa Makka, ambaye hakuwa hata amezaliwa Mreno yule alipong'oa nanga Malindi, Aprili 24, 1498. Mwaka 1922 Mfaransa Gabriel Ferrand aliipokea habari hiyo na kuieneza, na tangu hapo ikaingia vitabuni mwa shule. Lakini Wareno wenyewe, Barros na Castanheda, wanasema rubani waliyepewa na mfalme wa Malindi alikuwa Mgujarati. Ibn Majid wakati huo alikuwa mzee wa miaka sitini na zaidi. G. R. Tibbetts, aliyemfasiri kwa Kiingereza mwaka 1971, aliipinga hadithi hiyo, na wataalamu wengi wamefuata njia hiyo. Mimi naona haki imo upande wao.

Utenzi wake wa njia ya Sofala, unaopita pwani yetu yote, ulilala Leningrad hadi T. A. Shumovsky alipouchapisha mwaka 1957. Mna humo maneno juu ya Wafaranji, na wataalamu wanazozana kama yote ni yake. Shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 906 wa Hijra, yaani 1500 au 1501. Baada ya hapo habari zake zinakatika.

Walioko Bungoma wasihangaike kuitafuta Jaa, kwa maana imezibwa na Mlima Elgon. Katikati ya Juni, yapata saa 4 usiku, Farqad iliyo kubwa husimama sawasawa juu ya kaskazini ya kweli, vidole kumi kutoka chini. Shusha jicho mpaka upeoni, unyooshe mkono, kisha uhesabu vidole vinane kuelekea kulia.