Henry Maudslay, Mkerezaji wa Woolwich

Afisa afunguapo kalamu yake ya wino, kifuniko huzunguka juu ya hesi. Hesi hizo zatukumbusha Henry Maudslay, aliyezaliwa Woolwich, Uingereza, mwaka 1771. Babaye aliwahi kuwa askari, naye mwenyewe akiwa na umri wa miaka 12 alijaza baruti katika karakana ya silaha.

Akiwa kijana alihamia kwa Joseph Bramah, mtengeneza kufuli wa London, akawa msimamizi. Alipoomba nyongeza juu ya shilingi 30 kwa juma alikataliwa, akaondoka mwaka 1797. Sisi twaona hasara ilikuwa ya tajiri.

Zamani hizo mkerezaji alishika chuma cha kukatia kwa mkono, na kila skrubu iliingia katika nati yake peke yake. Maudslay alikifunga chuma hicho juu ya kitako kilichosukumwa na skrubu ndefu yenye kuendeshwa na magurudumu ya meno. Ukibadili magurudumu, umebadili hesi. Hata leo, fundi achongaye kalamu yake ya kwanza pasipo vipande vya kununua aweza kukata hesi zake kwa njia hiyo.

Wanamaji nao walinufaika: huko Portsmouth, kwa mashine alizounda kwa michoro ya Marc Brunel, watu 10 walitengeneza kapi za merikebu zilizohitaji watu 110.

Alikufa mwaka 1831, akazikwa Woolwich katika kaburi la chuma alilolichora mwenyewe.