Robert-Houdin, fundi wa saa aliyepokonya watu nguvu

Nani kati yetu wa machimbo, tangu Misisi mpaka Lulimba, hajasikia habari ya mutu wa karata tatu? Siku ya soko anatandika kitambaa chini, anazungusha karata, na feza ya wiki nzima inapotea mbele ya macho ya mwenyewe. Mufaransa mumoja wa zamani alijua ujanja huo wote, na mwaka 1861 alitoa kitabu kizima cha kufichua wezi wa karata. Jina lake Jean-Eugène Robert-Houdin. Wachawi wa jukwaani wa leo wanamuita baba yao. Ninasema wachawi, lakini yeye hakuwa na uchawi hata kidogo, na hakuficha jambo hilo kule kwao.

Alizaliwa tarehe 7 Desemba 1805 mu muji wa Blois, mutoto wa fundi wa saa. Jina lake lilikuwa Robert tu. Houdin ni jina la ukoo wa bibi yake wa kwanza, aliliongeza kisha kuoa. Baba alitaka mutoto avae shati safi, afanye kazi ya ofisi ya sheria. Mutoto akapenda magurudumu madogo na mafuta ya saa. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alienda kununua kitabu cha saa, muuzaji akakosea, akamupa kitabu cha michezo ya kiini macho. Akakisoma usiku huo, na hakukirudisha.

Kwa miaka mingi alitengeneza mashine zenye kutembea na kuandika kama watu. Kisha, tarehe 3 Julai 1845, akafungua chumba chake cha michezo pale Palais-Royal, Paris. Chumba kidogo, viti kama 200. Wenzake wa wakati ule walivaa makanzu marefu ya nyota na kofia zenye ncha, na meza zao zilifunikwa mpaka chini, musaidizi amejificha ndani. Yeye alitoka na suti nyeusi kama muheshimiwa mwenye kualikwa kwenye karamu, na meza zake zilionekana miguu. Mwaka 1847, wakati Paris yote ilizungumzia dawa mupya ya usingizi ya madaktari, iitwayo eteri, alimulaza mutoto wake hewani, kiwiko tu juu ya fimbo, akidai eteri imemufanya mwepesi. Watu wengine walikasirika kabisa, wakiona anamutesa mutoto.

Lakini sanduku lake ndilo ninataka muelewe vizuri. Lilikuwa sanduku dogo lenye kushikwa na mukono. Mutoto analiinua. Kisha mutu mwenye nguvu anaitwa, anavuta, anatoa jasho, sanduku halitikisiki. Ninyi wachimba zahabu mutaelewa haraka kuliko wasomi: munajua vile sumaku inavyovuta muchanga mweusi na kuacha zahabu. Chini ya sanduku kulikuwa bamba la chuma, na chini ya jukwaa sumaku ya umeme. Umeme ukifunguliwa, sanduku linashikwa. Ukifungwa, linakuwa jepesi tena. Wakati ule ni watu wachache sana walijua jambo hilo.

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ikamutuma Algeria. Wafaransa walikuwa wameingia inchi ile tangu 1830, na waliogopa wamarabu, watu wa dini ambao watu waliwasikiliza kuliko wakubwa wa jeshi. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kwamba muzungu ana uwezo mukubwa zaidi. Mbele ya wakubwa wa Kiarabu, mu teatri ya Algiers, alimuita mutu mwenye misuli, akamuambia atamupokonya nguvu, awe kama mwanamuke. Mutu akavuta sanduku, akashindwa. Safari hii umeme ulipitishwa hata kwenye mushikio: mutu akatetemeka, akaanguka magoti, akakimbia. Paris ulikuwa muchezo wa kuchekesha. Algiers ulikuwa silaha, kwangu hakuna jina lingine. Ni kweli, kisha siku zile aliagiza wakalimani waeleze kwamba ilikuwa ufundi tu. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kupandwa.

Alifanya na ule wa risasi pia. Mutu alimulenga na bunduki, naye akaipokea risasi bila kidonda. Siri yake aliiandika mwenyewe: alibadilisha risasi ya kweli na kidonge cha nta, kitupu ndani, kilichopakwa rangi ya risasi, ambacho kinavunjika kikishindiliwa. Kwa hiyo ilibidi risasi ipite kwanza mukononi mwake. Hapa kwetu Fizi na Baraka, wazee wanakumbuka miaka ya 1964 na 1965, wakati vijana wa Simba walipakwa dawa ili risasi zigeuke maji. Adui yao hakupitisha risasi zake mukononi mwa mutu.

Michezo hiyo ilifika hata Congo. Mwaka 1890 Mumarekani mweusi, George Washington Williams, alimuandikia mufalme Léopold wa Pili barua toka Stanley Falls, Kisangani ya leo. Alishitaki kwamba watu wa Stanley waliwashika wakubwa wetu mukono na umeme uliofichwa ndani ya koti, tena wakawafanyia muchezo wa risasi, ili wawape udongo wao.

Robert-Houdin alirudi kukaa Saint-Gervais, karibu na Blois, nyumba imejaa kengele na saa za umeme. Kisha vita ya Waprusia ikaanza. Mutoto wake Eugène, kapiteni wa jeshi, alijeruhiwa kule Woerth tarehe 6 Agosti 1870, akafa siku chache kisha. Adui wakafika Blois, jamaa ikajificha ndani ya pango. Mzee alikufa na ugonjwa wa mapafu tarehe 13 Juni 1871, ana miaka 65. Kule Algeria, tangu Machi ya mwaka uleule, watu wa Mokrani walikuwa wamesimama kupigana na Wafaransa.