Aniceti Kitereza na Mila za Wazee

Mwalimu anayetoka chuoni Shinyanga na kupangiwa shule karibu na machimbo ya dhahabu ya Geita hukuta darasani watoto ambao wazazi wao waliifuata dhahabu kutoka pande nyingi, babu na bibi wakabaki mbali. Ni nani basi atakayewafundisha jinsi ya kumwendea mkwe aliyekasirika? Jambo la namna hii lilimshughulisha Aniceti Kitereza kabla yetu, ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Ukerewe.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, mjukuu wa Mukama Machunda. Alisoma katika shule ya misheni, kisha katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, alikojifunza Kilatini. Alioa, na watoto wake wote wakafa wangali wadogo. Hakuwa mtu wa kuukataa usomi mpya, maana ndio uliompa kalamu. Alichohofia ni vijana kuondoka miguuni pa wazee kabla hawajasikia walichopaswa kusikia.

Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliokosa mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao; mume hamwachi, bali anatengeneza pombe ya ndizi ya kuwalipa ili arudishiwe mkewe. Hapa ndipo ualimu wake unapodhihirika. Hatuhutubii juu ya ubora wa ya kale. Anatuonyesha kazi yenyewe, hatua kwa hatua, na watu wanaohitajika kuifanya, hata tukatambua wenyewe kuwa pombe ile ni mapatano ya koo mbili. Sisi walimu tungaliandika ubaoni umuhimu wa mila, tukaorodhesha nukta tano, kengele ikalia.

Mswada ulikaa miaka 35. Kikerewe kilikuwa na wasomaji wachache, na wachapishaji hawakujitokeza. Hatimaye mzee aliutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981.

Katika kipindi cha Kiswahili, mwalimu aweza kumtaka kila mtoto aulize, kwa lugha ya nyumbani, kazi moja inavyofanywa tangu mwanzo hadi mwisho, kisha aieleze darasani kwa Kiswahili. Asiye na mzee nyumbani amwulize mzee wa jirani, hata kama ni wa kabila jingine.