Sultani Barghash na treni ya kwanza ya Afrika Mashariki

Mtu wa Songea akitaka kupanda treni leo, lazima kwanza apande basi. Kituo cha karibu ni Makambako, kwenye reli ya TAZARA, karibu kilomita 300 kwa barabara kupitia Njombe. Habari za reli ya kutoka Mtwara kupita Songea hadi Mbamba Bay tumezisikia miaka mingi, na bado tunazisikia.

Labda ndiyo maana wengi wetu hatujui treni ya kwanza katika Afrika Mashariki ilikuwa wapi. Ukiuliza, mmoja atataja Mombasa, mwingine Tanga. Ukweli ni kwamba ilikuwa Unguja, na ilitembea miaka mingi kabla ya hizo mbili. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, na alipokufa nayo ikang'olewa. Mtu huyo ni Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888.

Kijana aliyetaka kiti

Barghash alizaliwa karibu mwaka 1837. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamisha makao yake kutoka Oman kuja Unguja na kuifanya mikarafuu ienee visiwani. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Watoto wa Sayyid Said walikuwa wengi, na kwa desturi ya ukoo huo mkubwa wa kuzaliwa hakuwa na uhakika wa kurithi. Aliyekuwa na nguvu na wafuasi ndiye aliyekaa.

Mwaka 1856 Sayyid Said alifariki baharini akirudi kutoka Muscat. Barghash alikuwa katika meli hiyohiyo. Walipofika Unguja alitaka kumzika baba yake kwa siri usiku na kutwaa madaraka kabla mji haujapata habari. Hakufanikiwa, na kaka yake Majid akawa sultani. Mwaka 1859 Barghash akaasi waziwazi, akisaidiwa na baadhi ya dada zake, wakiwemo Khole na Salme. Wafuasi wake walijifungia katika shamba lililoitwa Marseilles. Waingereza waliingia upande wa Majid, uasi ukazimwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, India.

Hapo ndipo mimi naona habari ya treni inapoanzia, ingawa vitabu huianza mbele zaidi. Bombay ilikuwa na reli tangu mwaka 1853, ya kwanza katika India nzima ya kubeba abiria. Mtu aliyeishi katika mji huo kwa takriban miaka miwili hakosi kuona moshi wa garimoshi na kusikia honi yake. Barghash aliporudi Unguja mwaka 1861 alikuwa amekwisha kuona mji unaoendeshwa kwa mvuke.

Majid alifariki Oktoba 1870 bila kuacha mtoto wa kiume, na Barghash akakaa kwenye kiti alichokitaka kwa miaka 14.

Amri zilizofika njia za kusini

Alianza vibaya. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu kwa maelfu. Mwaka uliofuata Waingereza wakamjia na sharti la kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Alikataa. Wakamtishia kwamba manowari zao zitaifunga bandari yake. Tarehe 5 Juni 1873 akatia saini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Ruvuma moja kwa moja. Watumwa wengi waliouzwa katika soko lile walitoka upande wa Ziwa Nyasa, wakishushwa kwa miguu hadi Kilwa. Wangoni walikuwa wamefika eneo la Songea katika miaka ya 1860, na vita vyao na majirani vilitoa mateka, ambao baadhi yao waliishia mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani. Mkataba wa 1873 ulifunga bahari tu. Misafara ikaanza kuwatembeza watu nchi kavu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini. Mwaka 1876 Barghash akatoa amri nyingine za kuzuia misafara hiyo ya nchi kavu. Biashara haikuisha siku ile, lakini njia ya Kilwa haikuwa tena kama zamani.

Pembe za ndovu ziliendelea kushuka pwani, na mpira wa mwituni kutoka bara la Kilwa na Lindi ukawa biashara kubwa. Bidhaa hizo zililipiwa ushuru kwenye forodha za Sultani. Kwa hiyo tunapozungumzia fahari alizojenga Unguja, tukumbuke kwamba sehemu ya fedha ilibebwa begani na watu wa huku.

Safari ya Uingereza

Mwaka 1875 Barghash alialikwa Uingereza. Alipokelewa na Malkia Victoria, akatembezwa London, kisha akapelekwa kwa treni kwenye miji mingine, ikiwemo Manchester ya viwanda vya nguo na Liverpool ya bandari. Wenyeji wake walitaka aone nguvu zao aogope. Yeye aliona pia vitu vya kununua.

Alirudi na orodha ndefu kichwani. Katika miaka iliyofuata alivuta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi za upande wa kaskazini hadi Mji Mkongwe, watu wakachota bure. Alinunua meli za mvuke. Alianzisha kiwanda cha uchapaji. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja. Mwaka 1883 likasimama jumba la Beit al-Ajaib, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mimi nikiulizwa lipi lilikuwa bora kuliko yote, nitasema maji. Kabla ya hapo mji ule ulikuwa ukipigwa na kipindupindu mara kwa mara.

Maili 7 za reli

Treni ilikuja katikati ya hayo yote. Mwaka 1879 Sultani alitandaza reli nyembamba kutoka kasri lake mjini hadi Chukwani, kusini mwa mji, ambako alikuwa na kasri jingine la kupumzikia kando ya bahari. Urefu wake ulikuwa maili 7, yaani kama kilomita 11. Ni chini ya safari ambayo mkulima wengi wetu tunamfahamu huitembea kwa baiskeli kwenda gulioni na kurudi.

Mwanzoni hapakuwa na mvuke. Mabehewa mawili ya kifahari yalivutwa na baghala, wanyama wanaozaliwa na punda na farasi. Mwaka 1881 Barghash akaagiza kichwa cha treni kutoka kampuni ya Bagnall ya Uingereza. Kilikuwa kichwa kidogo cha magurudumu manne, kinachobeba maji yake chenyewe badala ya kukokota gari la maji nyuma.

Kwa vijana ambao hawajawahi kuona garimoshi, hivi ndivyo linavyofanya kazi. Anayepika maharage ameona mfuniko wa sufuria ukirukaruka maji yanapochemka. Ni mvuke unatafuta pa kutokea. Katika kichwa cha treni moto huwashwa chini ya boila lililofungwa imara, mvuke ukajaa hadi ukawa na nguvu kubwa, kisha ukaachiwa kwa kipimo kuingia kwenye mtungi wenye pistoni. Mvuke huisukuma pistoni mbele na nyuma, na vyuma virefu vilivyofungwa kwenye pistoni huzungusha magurudumu. Mvuke uliokwisha kufanya kazi hutolewa kwa kishindo kupitia dohani, na ndiyo ile sauti ya kuhema inayofanya watoto waige treni. Dereva hachoki kwa kushika usukani, kwa sababu haupo. Kazi kubwa ni kulisha moto na kuangalia maji yasiishe, maana boila likikauka moto ukiwa unawaka, linaweza kupasuka.

Treni ya Barghash ilikuwa ya Sultani na watu wa nyumba yake. Haikuwa na kazi ya kushusha karafuu za wakulima wala kupeleka wagonjwa mjini.

Barabara iliyoishia njiani

Kuna jambo jingine la miaka hiyohiyo ambalo halitajwi pamoja na treni, na mimi nadhani linapaswa kutajwa. Mwaka 1877, kwa ridhaa ya Barghash, tajiri wa meli kutoka Scotland, William Mackinnon, na mwenzake Buxton walianza kutengeneza barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Hiyo ingekuwa barabara ya kwanza ya magurudumu kuelekea pande zetu, na wapo waliotumaini kwamba siku moja itafuatwa na reli. Mbung'o waliua wanyama wa kukokota magari, na fedha ikawa tabu. Barabara ilifika kama maili 70 tu. Mwaka 1881 ikaachwa.

Yaani mwaka uleule ambao Sultani aliagiza kichwa cha treni cha kumpeleka Chukwani, njia ya kwenda Nyasa ilikufa porini. Si haki kumtwisha yeye peke yake lawama hiyo, kwa sababu barabara ilikuwa ya Mackinnon. Lakini Barghash alikuwa akidai kwamba bara lote hadi kwenye maziwa ni lake, na huko bara hakuwa na barabara, reli, wala ngome za kutosha kuonyesha hivyo.

Wajerumani waliona pengo hilo. Mwishoni mwa mwaka 1884 Karl Peters alizunguka Usagara na jirani zake akikusanya mikataba na machifu. Barghash alipopinga, Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake. Waingereza, ambao aliwategemea tangu mkataba wa watumwa, hawakumtetea. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani waligawana. Sultani aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Mto Ruvuma ukawekwa kuwa mpaka wa kusini wa eneo la Wajerumani, na Ungoni yote ikaangukia ndani yake bila mtu yeyote wa Ungoni kuulizwa. Wajerumani walifika Songea wenyewe mwaka 1897, na miaka 9 baadaye, wakati wa Vita vya Majimaji, walimnyonga Nduna Songea Mbano.

Barghash hakuyaona hayo. Alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Mapema mwaka 1888 alisafiri kwenda Oman kutafuta nafuu, hakuipata, akarudishwa Unguja na kufariki Machi 26, siku chache baada ya kufika. Mdogo wake Khalifa alishika madaraka. Reli ya Chukwani iling'olewa, na kichwa cha treni kikavunjwa kuwa chuma chakavu.

Treni zilizofuata

Reli za bara zilianza bila Sultani. Wajerumani walianza Tanga mwaka 1893, Waingereza wakaanza Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam 1905 ikafika Kigoma 1914. Wajerumani walifikiria pia reli ya kusini, kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa. Haikujengwa. Kusini ilipata reli baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Mradi ulianguka, na reli ikafungwa mwaka 1962. Leo makaa ya mawe ya Ngaka wilayani Mbinga yanapita Songea kwenye malori.

Unguja yenyewe ilipata treni nyingine mwanzoni mwa karne ya 20, ya mjini hadi Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani. Hiyo ilikuwa ya watu wote, na ilibeba abiria hadi mwaka 1922. Waongoza watalii hupenda kusema kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa treni hiyo. Ni hadithi tamu lakini haiwezi kuwa kweli, kwa sababu Salme, dada yake Barghash, aliitaja Bububu katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886, wakati reli hiyo haijawazwa.

Anayetaka kuona garimoshi halisi leo hatalipata Chukwani wala Makambako. TAZARA imetumia dizeli tangu ilipofunguliwa, na hata treni ya kifahari ya watalii wanaotoka Cape Town hadi Dar es Salaam huvutwa kwa dizeli ikipita kwenye reli hiyo. Mahali pa kwenda ni Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Vichwa vya mvuke vilivyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika vimepangwa pale nje, kikiwemo kimoja kikubwa namba 5918 chenye jina la mlima wetu wa Gelai, na kingine namba 3020 kinachoitwa Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida.